Ushuru wa nyumba Kenya kununua dhamana za serikali: deni la taifa linapanda, linashuka, au fedha zinazunguka tu?

Mtunza Daftari

Wakuu, salaam. Naandaa andiko kuhusu namna ya kugharimia nyumba za wananchi bila kulemea deni la taifa, na Kenya ndiyo mfano ulio karibu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Hadi hapo naelewa. Naomba kueleweshwa mambo matatu.

Kwanza, sheria inairuhusu Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu kuweka fedha ambazo bado hazijatumika kwenye dhamana za serikali, na imekuwa ikifanya hivyo. Mwananchi amekatwa ili nyumba ijengwe, kumbe fedha zimekopeshwa Hazina. Deni limeongezeka, limepungua, au fedha zimetoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia?

Pili, makusanyo ya sasa yanatosha kujenga bila kukopa?

Tatu, kwetu Tanzania hatuna makato ya aina hii. Kipi kina unafuu: serikali kuuza hatifungani na kujenga, shirika la nyumba kukopa benki, au kuanzisha makato? Naomba hesabu. Siasa zake nimezisoma za kutosha.

Bahasha ya Mshahara

Ndugu, kabla hujafika kwenye deni, weka sawa msingi wa makato. Wengi hukosea hapo, na kila hesabu inayofuata inaharibika.

Asilimia 1.5 haikatwi kwenye mshahara wa msingi peke yake. Inakatwa kwenye mshahara wa msingi pamoja na posho za fedha taslimu zinazolipwa kila mwezi: ya nyumba, ya usafiri, na nyinginezo za aina hiyo. Bonasi, posho ya likizo, kiinua mgongo na malipo ya kuachishwa kazi hayamo. Mtu mwenye msingi wa 38,000, posho ya nyumba 9,000 na usafiri 3,000 ana jumla ya 50,000. Yeye anakatwa 750, mwajiri anatoa 750, Mfuko unapata 1,500. Mhasibu akikokotoa kwa msingi peke yake atakata 570. Kila upande umepungukiwa 180, yaani 360 kwa mfanyakazi mmoja kwa mwezi. Wakiwa 40, pengo ni 14,400 kila mwezi, na juu yake kuna adhabu ya asilimia 3 kwa kila mwezi ambao pengo halijalipwa.

Malipo yanatakiwa kufika KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) ndani ya siku 9 za kazi baada ya mwezi kwisha. Unawasilisha ritani ya P10 (taarifa ya kila mwezi ya makato ya mishahara), kisha unatoa namba ya malipo chini ya kifungu cha ushuru wa nyumba. Kuwasilisha ritani bila kutoa namba na kulipa ni kosa linalojirudia sana: mfumo unaonyesha umetangaza, lakini hujalipa.

Sasa jambo linalohusu andiko lako moja kwa moja. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, ushuru huu unatolewa kwanza kwenye mshahara, ndipo PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) inapokokotolewa. Kabla ya hapo kulikuwa na nafuu ya asilimia 15 ya kiasi kilichokatwa. Huyu wa 50,000 yuko kwenye daraja la PAYE la asilimia 30, kwa hiyo 750 yake inapunguza PAYE kwa 225. Mwajiri wake, ikiwa ni kampuni yenye faida inayolipa kodi ya asilimia 30, naye huiandika 750 yake kama gharama na kodi yake inapungua kwa 225 nyingine. Mfuko wa nyumba umepokea 1,500, Hazina Kuu imepoteza 450. Fedha mpya kwa serikali yote ni 1,050. Ukiandika kwamba ushuru unaleta bilioni kadhaa nje ya bajeti, kumbuka kuondoa sehemu hiyo, kwa sababu pengo la PAYE nalo litazibwa kwa kukopa.

Dirisha la Hazina

Hoja ya Bahasha ni nzito na haimo kwenye uchambuzi mwingi. Naendelea na swali la kwanza. Lina majibu mawili, na yote ni sahihi kulingana na daftari unalolifungua.

Deni la jumla linalotangazwa na Hazina na Benki Kuu ya Kenya huhesabu kila dhamana (hati ya mkopo wa serikali usiozidi mwaka mmoja) na hatifungani (ya miaka kadhaa) iliyo mikononi mwa mtu, bila kujali ni mkono wa nani. Bodi ikinunua dhamana ya bilioni 1, bilioni hiyo imo. Ukiichukua sekta ya umma kama kitu kimoja, taratibu za takwimu za IMF zinataka madai ya taasisi moja ya serikali kwa nyingine yafutane, na kwa kipimo hicho bilioni ile haimo.

Lakini usiishie kwenye takwimu. Jiulize: Bodi isingenunua, Hazina ingemkopa nani? Ingekopa benki na mifuko ya pensheni. Kwa hiyo kwa muda, deni kwa watu walio nje ya serikali limekuwa dogo kuliko ambavyo lingekuwa. Shida inakuja dhamana inapoiva. Hazina haina fungu ililolitenga kulipia dhamana hizo. Hulipa iliyoiva kwa kuuza nyingine mpya. Siku Bodi itakapohitaji fedha zake zote ilipe wakandarasi, mnunuzi wa dhamana mpya itabidi atoke benki au pensheni. Siku hiyo deni la nje ya serikali linapanda kwa mkupuo. Makato ya mfanyakazi yalikwisha kulipia mishahara na riba za mwaka uliopita, na nyumba inajengwa kwa mkopo wa mwaka huu.

Tazama riba nayo. Bei ya dhamana kwa kila 100 ni 100 kugawanywa kwa (1 + riba × siku ÷ 365). Kwa mfano wa riba ya asilimia 10 na siku 364, unapata 90.93. Bodi inatoa milioni 909.3 leo na kupokea bilioni 1 baada ya mwaka. Milioni 90.7 zinaandikwa kwenye vitabu vyake kama mapato ya uwekezaji. Mlipaji ni mlipakodi yule yule, safari hii kupitia kodi za kawaida. Kwa Mfuko ni faida. Kwa nchi ni sifuri.

Kosa la kiutendaji ninaloliona hatari zaidi ni kununua muda usiolingana na malipo. Dhamana za Kenya ni za siku 91, 182 na 364. Ya siku 364 huwa na riba ya kuvutia, hivyo mtunza fedha huielemea. Hati ya mkandarasi (idhini ya kulipwa kazi aliyokwisha kuifanya) ikifika katikati, dhamana bado ina siku 182. Benki Kuu huinunua mapema kama njia ya mwisho tu, na kwa riba iliyo asilimia 3 juu ya ile ya soko. Soko likiwa 10, wewe unauza kwa 13: bei ni 93.91 badala ya 95.25. Kwa kila bilioni unapoteza milioni 13.4. Anayeogopa hasara hiyo hachukui fedha, anamwambia mkandarasi asubiri. Hapo ndipo bili zisizolipwa zinapozaliwa, na bili hizo hazimo kwenye jedwali la deni la taifa ingawa ni deni kabisa.

Mpango unaofaa ni rahisi: hati zinazotarajiwa ndani ya miezi mitatu ziwe na fedha taslimu au dhamana za siku 91, za miezi mitatu hadi sita ziwe na za 182, kinachobaki ndicho kiende 364.

Mtunza Daftari

Asanteni sana, mmenifungua macho. Swali dogo: kwa nini fedha zikae muda mrefu hivyo hadi zitafutiwe mahali pa kuwekwa? Si mahitaji ya nyumba yapo?

Kipimo Kamili

Kwa sababu ushuru unaingia sawasawa kila mwezi, na ujenzi hauli fedha sawasawa.

Chukua mradi wa bilioni 2 wa miezi 24. Kabla ya jembe la kwanza kuna hati ya ardhi, upimaji wa udongo, kibali cha mazingira, michoro na zabuni. Hapo hakuna hata shilingi ya mkandarasi, ukiacha malipo ya awali kama mkataba unayo. Miezi sita ya mwanzo ni kuchimba, msingi na nguzo za chini, na kwa jengo la ghorofa kadhaa kazi hiyo inaweza isifike hata asilimia 15 ya bei ya mkataba. Mwaka wa kati ndio unaobeba zege, nondo, matofali, mabomba na umeme, na zaidi ya nusu ya fedha huondoka hapo. Mwishoni inapungua tena. Ukianzisha miradi kadhaa kwa pamoja, yote hufika kwenye mwaka wa kati kwa pamoja.

Malipo yenyewe: mkandarasi anawasilisha kazi ya mwezi, mkadiriaji anapima, msanifu anatoa hati, mwenye mradi analipa ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Kwa kawaida asilimia 10 inazuiliwa, nusu ikitolewa siku ya kukabidhi na nusu kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro) kikiisha. Hati ikichelewa, mkataba unampa mkandarasi haki ya riba, na riba hiyo ni ya benki yake ya biashara, si ya dhamana. Yaani Mfuko unaweza kuwa unapokea asilimia 10 kwenye dhamana huku unajilimbikizia riba ya asilimia 15 au zaidi kwa mkandarasi. Na mkandarasi aliyecheleweshewa anapunguza mafundi. Kazi ya miezi 24 inakuwa ya 40, na saruji ya mwezi wa 40 haina bei ya mwezi wa 24. Naomba hili likae kwenye andiko lako kwa herufi kubwa, kwa sababu hugharimu zaidi ya hasara zote za dhamana.

Swali la pili: kutosha. Makusanyo ya mwaka wa fedha 2024/25 yalizidi shilingi bilioni 70. Serikali ya Kenya imekuwa ikitaja lengo la nyumba 200,000 kwa mwaka. Tuseme nyumba moja pamoja na maji, barabara za ndani na mitaro ni milioni 3. Bilioni 70 zinajenga 23,333. Ushushe gharama hadi milioni 1.5, chumba kimoja kidogo juu ya ardhi ya serikali isiyolipiwa, unapata 46,666. Kwa lengo la 200,000 kwa milioni 3 unahitaji bilioni 600 kwa mwaka. Ushuru si mtaji wa mpango wote, ni malipo ya mwanzo tu. Kilichobaki kitatoka kwa mwekezaji aliyeahidiwa kwamba serikali itanunua nyumba zake, au kwa mkopo. Na ahadi ya kununua ni deni linalosubiri: nyumba zikikosa wanunuzi, serikali ndiyo inayolipa.

Nahodha wa Pwani

Mimi naona mnaikuza hatari. Nyumba zinauzwa, haziwi za bure. Mnunuzi akianza kulipa, fedha zinarudi na kujenga nyingine. Singapore walianza hivyo hivyo: makato ya lazima, mfuko unanunua hatifungani za serikali, serikali inajenga. Leo karibu wote wana nyumba. Kwa nini Kenya isiweze?

Dirisha la Hazina

Nahodha, heshima kwako, tuzipige hesabu za fedha kurudi kwanza, kisha twende Singapore.

Nyumba ya milioni 3, mnunuzi analipa kwa miaka 25, na kwa mfano tuseme riba ni asilimia 3 ili mtu wa kipato cha chini aimudu. Rejesho ni 14,226 kwa mwezi, yaani 170,712 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 5.7 ya gharama. Ukijenga 23,333 kwa bilioni 70, mwaka wa kwanza zinarudi takribani bilioni 4, na hapo kila mtu awe amelipa kwa wakati. Zinajenga nyumba kama 1,300. Mzunguko upo, ila ni wa polepole mno kubeba mpango wa taifa.

Ukitaka fedha zote leo, unauza kitabu cha mikopo hiyo kwa mifuko ya pensheni. Mfuko wa pensheni utauliza: hatifungani ya serikali inanipa ngapi? Tuseme asilimia 13. Basi malipo ya 14,226 kwa miezi 300, yakirudishwa kwenye thamani ya leo kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, ni milioni 1.26. Umejenga kwa milioni 3, unauza kwa 1.26. Milioni 1.74 ni ruzuku. Haikuandikwa popote kama ruzuku, lakini imetolewa siku mkataba ulipotiwa saini. Mimi sipingi ruzuku. Mtu wa kipato cha elfu ishirini hawezi kupata nyumba bila hiyo. Napinga ikifichwa ndani ya riba, kwa sababu ruzuku iliyofichwa haina bajeti, na isiyo na bajeti huishia kuwa deni.

Linganisha riba nyingine kwa nyumba hiyo hiyo na miaka hiyo hiyo. Kwa asilimia 9, rejesho ni 25,176. Kwa asilimia 14, ni 36,113. Ukifuata kanuni ya rejesho lisizidi theluthi ya kipato cha mkononi, wa kwanza awe na 75,500 na wa pili 108,300. Na Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 kwa riba ya asilimia 18.46. Mkopo wa milioni 3 kwa riba hiyo unadai riba peke yake 46,150 kila mwezi kabla hujapunguza mtaji hata senti. Hii ndiyo sababu hatifungani ya kawaida ya serikali haiwezi kujenga nyumba ya mnyonge bila mtu mwingine kulipa tofauti. Muda nao unagoma: nyumba inalipwa miaka 25, hatifungani inaiva miaka 8.5, wewe unarudi sokoni mara mbili zaidi kwa bei usiyoijua.

KMRC, kampuni ya Kenya inayozipa wakopeshaji fedha za mikopo ya nyumba, imejaribu kuziba pengo hili. Inazikopesha benki na SACCO kwa asilimia 5 ili nazo zimkopeshe mnunuzi kwa chini ya 10. Iliwezaje kutoa 5? Kwa mikopo ya Benki ya Dunia, dola milioni 250, na Benki ya Maendeleo ya Afrika, dola milioni 100, ambayo ni deni la nje la serikali. Shilingi ilipotoka takribani 101 kwa dola mwanzoni mwa 2020 hadi kukaribia 160 mwanzoni mwa 2024, mzigo wa kila deni la nje ulikua kwa kiasi hicho, ingawa baadaye ilirudi karibu na 129. KMRC ilipoenda soko la ndani mwaka 2022, hatifungani yake ya bilioni 1.4 ilikuwa na riba ya asilimia 12.5 kwa miaka 7. Huwezi kukopa kwa 12.5 na kukopesha kwa 5 bila kuchanganya na fedha nafuu. Fedha nafuu zikiisha, riba kwa mnunuzi inapanda.

Kipimo Kamili

Singapore naomba niijibu mimi kwa ufupi. Mfanano wake na Kenya unaishia kwenye neno makato.

Kule CPF, yaani mfuko wao wa makato ya lazima, ni akiba yenye jina la mtu. Mfanyakazi wa umri hadi miaka 55 anachangia asilimia 20 na mwajiri 17, jumla 37, na fedha hizo ni zake. Tangu 1968 anaruhusiwa kuzitumia kununua nyumba. Akaunti ya kawaida inampa riba ya chini kabisa ya asilimia 2.5, na mkopo wa HDB (mamlaka yao ya nyumba za umma) ni asilimia 0.1 juu yake, yaani 2.6. Kenya, toleo la 2018 lilikuwa na sura ya akiba, nalo likakwama mahakamani na baadaye kufanywa la hiari. Hili la sasa ni kodi: huna akaunti, huna salio, na unaweza kukatwa miaka 30 bila kupata nyumba.

Halafu hatifungani. Ni kweli CPF inanunua hatifungani maalum za serikali. Ila sheria za Singapore haziruhusu serikali kuzitumia fedha hizo kwa matumizi ya kawaida. Zinawekezwa, na upande wa pili wa deni kuna mali. Ndiyo maana deni lao la jumla ni kubwa sana na halimtishi mtu. Kenya dhamana inauzwa kujaza pengo la bajeti, upande wa pili hakuna kitu cha kuuza. Kitendo kimoja, matokeo mawili tofauti.

Na ardhi: sheria yao ya utwaaji ardhi ya 1966 iliipa dola uwezo wa kuchukua ardhi kwa fidia ndogo, na nyumba zinauzwa kwa upangaji wa miaka 99. Hata hivyo HDB hupata hasara kila mwaka na serikali hulipa ruzuku hiyo waziwazi kwenye bajeti. Hilo la mwisho ndilo la kuiga.

Nahodha wa Pwani

Nimekuelewa mkuu. Hilo la kuwa fedha za akiba hazitumiki kwenye matumizi ya kawaida sikulijua.

Mkazi wa Upanga

Mtoa mada, upande wa Tanzania umeachwa, wacha nijaribu.

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, na mwaka 1990 likaunganishwa na iliyokuwa Msajili wa Majumba, ndiyo maana lina majengo mengi ya kupangisha katikati ya miji. Kodi za pango za majengo hayo ndizo mtaji wake wa uhakika. Miaka ya 2010 lilikopa kwenye benki za biashara kujenga nyumba za kuuza. Miradi mikubwa kama Morocco Square na Kawe 711 ikasimama kwa miaka kabla ya kuendelezwa tena. Chukua hesabu ya mfano uone kusimama kunavyogharimu: mkopo wa bilioni 100 kwa asilimia 15, mradi umesimama miaka mitatu, riba inajumlishwa kwenye mtaji. Mwisho unadaiwa bilioni 152. Hujaongeza tofali, bei ya kila nyumba imepanda kwa nusu. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18 kwenye nyumba mpya. Mnunuzi uliyemlenga hayupo tena.

Kwa hiyo kwa swali la tatu, mkopo wa benki ya biashara ndio mbaya kuliko yote kwa nyumba za kipato cha chini. Ni wa muda mfupi, riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuchota, na unategemea nyumba ziuzike haraka. Unafaa kwa jengo la biashara ambalo wapangaji wamekwisha kusaini.

Kuna pia TMRC, iliyoanzishwa 2010, inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa mikopo ya nyumba, na imeuza hatifungani zake kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Riba ya mikopo ya nyumba ilikuwa juu ya asilimia 20 wakati ule, ikashuka hadi kati ya 15 na 19. Ni hatua, lakini kwa asilimia 15 na miaka 20 mtu hulipa zaidi kidogo ya mara tatu ya alichokopa.

Mimi ningependekeza serikali ikope yenyewe kwa hatifungani ya miaka 20 au 25, soko letu lipo na mifuko ya hifadhi ya jamii inazinunua, kisha ilikopeshe Shirika kwa muda huo huo. Tofauti ya riba iandikwe kwenye bajeti ya Wizara kama ruzuku ya mwaka. Na sehemu kubwa iwe ya kupangisha.

Bahasha ya Mshahara

Nakubaliana na yote isipokuwa la kupangisha. Kodi ya nyumba za umma ina historia ya kutopandishwa kwa sababu za uchaguzi. Kodi ikibaki palepale miaka 10 huku ukarabati ukipanda, lifti na pampu ndizo zinakufa kwanza, kisha wapangaji wanaacha kulipa. Uuze, upate fedha, ujenge tena.

Mkazi wa Upanga

Hatari hiyo ipo, sikatai. Lakini kuuza kwa riba ya asilimia 3 ni kutoa milioni 1.74 kwa mtu mmoja mara moja, kama Dirisha alivyoonyesha, na akija kuihamisha, ruzuku imeondoka naye. Sheria ya Kenya inamtaka mwenye nyumba apate idhini ya Bodi kabla ya kuuza, na hilo ni kinga dhaifu kwa sababu mauziano ya mdomo hayaombi idhini. Nyumba ya kupangisha inabaki na ruzuku yake.

Dawa ya kodi kuganda ni kuweka fomula kwenye mkataba tangu mwanzo: kodi ipande kila mwaka kwa mfumuko wa bei, na fedha zikae kwenye akaunti iliyotengwa ambayo haiwezi kuchotwa kwa kazi nyingine. Waingereza hufanya hivyo kwa nyumba za halmashauri: akaunti ya nyumba imetengwa na sheria, kodi ndiyo inalipa riba, matengenezo na usimamizi, na mikopo yake inaweza kufika miaka 50. Ukitenga mapema fungu la lifti, paa na pampu, jengo linadumu kuliko deni lake.

Mtunza Daftari

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: nikitaka kuukagua mpango wowote wa aina hii kwa nyaraka za umma, nianzie wapi? Nyaraka ni nyingi na kila moja ina jumla yake.

Dirisha la Hazina

Anza na hesabu za Mfuko zilizokaguliwa, ukurasa wa mizania. Tafuta mstari wa fedha taslimu na dhamana, uulinganishe na mstari wa wadai, yaani hati za wakandarasi zisizolipwa. Vyote viwili vikiwa vikubwa kwa wakati mmoja, fedha zipo na kazi hailipwi. Hapo omba jedwali la siku dhamana zinapoiva, na tarehe za hati zenye kuchelewa zaidi ya siku 90.

Pili, taarifa ya deni la umma, sehemu ya udhamini wa serikali (ahadi ya kulipa mdaiwa mwingine akishindwa) na ahadi za ununuzi. Ahadi kwa waendelezaji wa nyumba isipoonekana hapo, itafute kwenye maelezo ya mwisho ya hesabu za wizara, maana mara nyingi hukaa kule kwa maneno bila tarakimu.

Tatu, kwenye mikataba ya mauzo, chukua riba na muda anaopewa mnunuzi, urudishe marejesho yake kwenye thamani ya leo kwa riba ya hatifungani ya serikali ya muda unaokaribiana, kama nilivyofanya kwenye ile ya milioni 3. Zidisha tofauti kati ya thamani hiyo na gharama ya nyumba kwa idadi ya nyumba zilizokabidhiwa. Tarakimu hiyo itafute kwenye bajeti. Kama huioni, iandike wewe kwenye jedwali lako, na uionyeshe kwa mwaka.

Kipimo Kamili

Ongeza na gharama kwa mita ya mraba, siyo kwa nyumba. Nyumba ya chumba kimoja yenye mita 20 na ya vyumba viwili yenye mita 40 zikihesabiwa kila moja kama "nyumba", wastani utakudanganya. Na uliza kama gharama hiyo ina maji taka na kituo cha umeme ndani yake. Visipokuwemo, kaunti au halmashauri ndiyo itakayovikopea.